Anayeingia Saa Saba Usiku

Marehemu Bakili aliendelea kufanya kazi miezi saba baada ya kuzikwa, na katika muda wote huo hakuomba ruhusa hata siku moja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuita wateja. Kuanzia saa mbili asubuhi sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango wa ofisi ya mizigo, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: "Masasi! Newala! Tandahimba! Mzigo wa leo unaondoka leo!" Alijirekodi mwenyewe mwaka juzi, akakohoa kidogo baada ya kumaliza, na kikohozi kile kilirudi kila nusu dakika, mchana kutwa, katikati ya matangazo ya sidiria na dawa ya mende. Kila mtu ofisini alikubali kwamba rekodi mpya inahitajika. Hakupatikana wa kubonyeza kitufe.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuingia kwenye seva. Kompyuta ya ofisi ilipowashwa asubuhi, kabla ya jambo lolote ilionyesha majina ya watu wa mwisho kuingia na saa walizoingia. Bakili ndiye aliyeipanga hivyo enzi za uhai wake, maana hakumwamini mtu. Na kila asubuhi, juu kabisa ya orodha, lilikuwepo jina lake kwa herufi ndogo: bakili, 01:12. Siku nyingine 01:14. Siku moja, labda mzimu ulikuwa na haraka, 01:09.

Elieshi aliyajua hayo kwa kusikia tu, mpaka Jumatano alipoitwa. Alikuwa fundi wa seva, kijana wa Rombo wa miaka ishirini na saba, asiyeogopa chochote isipokuwa mbwa, na alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Urafiki wao ulikuwa wa kutesana. Bakili alimzidi miaka kumi na minne na tangu siku ya kwanza alitaka aamkiwe. Elieshi akaapa kwamba shikamoo yake hataipata ng'o. Bakili akamgeuzia kioo cha kompyuta juu chini siku ya kazi ya haraka. Elieshi akalipiza kwa kuifanya printa ya Bakili itoe pole za msiba kila ilipofika saa sita mchana. Walicheka wiki nzima. Siku hizi Elieshi akiikumbuka ile printa aliisukuma sahani pembeni, hata kama yuko katikati ya kula.

"Shikamoo, bosi," alimwamkia Nurdin, kaka wa marehemu, aliyekuwa sasa mkuu wa ofisi.

"Marahaba, kaa. Kampuni ya mabasi imetuandikia. Kuanzia Jumatatu, mzigo usiosajiliwa kwenye mfumo wao haupandi gari. Wanasema seva yetu iwekwe kitu kinaitwa moduli."

"Hiyo ni kazi ya dakika kumi."

"Mafundi wawili wameshaniambia dakika kumi. Wa pili hakurudi hata kuchukua begi lake."

Begi lilikuwepo kweli, chini ya meza.

Seva yenyewe haikuwemo ofisini. Ilikuwa seva pepe, yaani mashine ya Linux isiyo na mwili, inayoishi ndani ya mashine nyingine kubwa, katika nchi ambayo Nurdin alidhani ni Uholanzi. Elieshi akaingia, akaagiza moduli, yaani kile kipande cha programu, isakinishwe. Seva ikakataa. Ikajibu, kwa Kiingereza cha hakimu, kwamba orodha ya programu iliyoletwa mbele yake haijaanza kuwa halali, na itakuwa halali baada ya saa tano na dakika arobaini na mbili.

"Inasemaje?" aliuliza Zamzam.

Huyu alikuwa mjane wa Bakili. Tangu atoke eda alikaa kwenye meza ya mumewe, akiandika risiti.

"Inasema nisubiri, shemeji."

"Basi subiri. Labda kuna mtu anaitumia."

Alilisema kama mtu anayezungumzia choo cha wapangaji.

Elieshi alisubiri. Alikula chipsi, akasubiri tena, na saa tisa alasiri, muda uliotakiwa ukiwa umepita, akajaribu upya. Seva ikamjibu asubiri saa tano na dakika thelathini na nane. Alhamisi asubuhi ikataka saa tano na dakika hamsini. Akaizima na kuiwasha. Akaamua kuipitia mlango wa nyuma: akaipakua moduli mwenyewe na kuifungua kwa mkono. Hapo seva ikalalamika kwamba mafaili yale yametengenezwa wakati ujao.

Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Nje, chini ya dirisha, Bakili alikohoa.

Akatazama na lile jina. Aliyeingia kama bakili alitumia ufunguo halali wa kidijitali wa Bakili, kupitia mtandao wa simu wa hapahapa Dar es Salaam. Anwani ilibadilika kila siku, jambo la kawaida kwa mitandao ya simu. Akishaingia hakugusa kitu. Alikaa dakika nne au tano, akatoka. Mwizi gani anaingia dukani kila usiku, anasimama katikati, halafu anaondoka?

"Sikiliza," Nurdin alimwambia Alhamisi jioni. "Kesho nikitoka msikitini, kama haijakubali, futa seva yote. Risiti ziwekwe pembeni, kila kitu kianze upya."

Lilikuwa suluhisho zuri na kila fundi analijua. Ila seva ikifutwa na kuanza upya, jina la Bakili linakwenda nayo. Zamzam alimwahi kwenye ngazi.

"Usimfute."

"Shemeji, ni jina tu kwenye..."

"Wewe nisikilize. Kila usiku saa saba namsubiri sebuleni. Watoto wamelala, taa nimezima. Kompyuta yake iko mezani, nimeifunga, sitaki aone kama namvizia. Sioni kitu. Sisikii kitu. Asubuhi nakuja hapa nakuta kaja. Kanipita mimi, kaenda kazini kwanza!" Alicheka kidogo kwa uchungu. "Si ndivyo alivyokuwa hata alipokuwa mzima? Lakini anakuja. Mkimfuta, atakuja wapi?"

Elieshi alimtazama machoni. Yalikuwa mekundu, yamezama, macho ya mtu ambaye hajalala usiku mzima tangu mvua za mwaka jana. Akaahidi atajaribu. Hakujua anaahidi nini.

Ijumaa alianza mapema, na mpaka karibu saa tano hakuwa amepiga hatua. Laini ikakatika. Akaingia tena kwenye seva, akiwa na hasira za kutosha kuing'ata. Wakati huohuo mzee Uledi, mpagazi wa ofisi, mtu asiyeweza kusoma jambo lolote kimyakimya, alichukua risiti mpya kutoka kwenye printa na kuisomea dunia:

"Marobota mawili ya kitenge, Newala, yamepokelewa saa nne na dakika hamsini na moja. Haya! Nani anakamata upande huu?"

Elieshi alikuwa ameitumbulia macho orodha ya walioingia. Juu kabisa, jina lake: elieshi, 04:51.

Alikubali kwa kichwa. Saa nne na hamsini na moja, sawa kabisa. Akashusha macho mstari wa pili: bakili, 01:12. Saa saba usiku.

Kisha akarudi kwenye mstari wa kwanza.

Mstari wa kwanza ameusoma kwa saa ya Kiswahili. Mstari wa pili ameusoma kwa saa ya kompyuta. Na yote miwili imeandikwa na saa moja. Kama 01:12 ni saa saba usiku, basi 04:51 ni saa kumi alfajiri, na yeye Elieshi ameingia kazini alfajiri ya leo akiwa bado kitandani. Kwa ushahidi huo, naye ni mzimu.

Akatazama simu yake: 10:51.

"Mzee Uledi," aliita. "Hizi risiti zimekuwa zikiandika saa nne hivi, saa tano, tangu lini?"

"Tangu marehemu azitengeneze. Zamani zilikuwa zinaandika ya kizungu, mteja anaona saa kumi anarudi jioni mzigo ushaondoka. Tulitukanwa hapa, acha tu. Akazitengeneza wiki ileile." Uledi hakusema wiki ipi. Wiki ambayo presha ilimwangusha Bakili pale mlangoni haikuhitaji kutajwa jina.

Elieshi akaenda kulitafuta faili la mipangilio ya saa. Hakuwa amelifungua siku zote tatu. Nani anafungua saa wakati saa inasoma vizuri? Bakili hakuzitengeneza risiti. Alikuwa ameigeuza saa ya seva nzima, akairudisha nyuma saa sita ili ihesabu kama watu wa Kariakoo wanavyohesabu, kisha akaizuia isiulize wakati sahihi mtandaoni. Tangu siku hiyo seva iliishi saa sita nyuma ya dunia. Kila programu iliyotolewa asubuhi ya leo, kwake ilikuwa imetoka kesho.

Ndani ya faili, mahali ambapo mafundi huachiana maelezo, palikuwa na mistari miwili kwa Kiswahili.

"Nimerudisha saa sita kwa ajili ya wateja. Nitaitengeneza vizuri wiki ijayo."

Na chini yake:

"Eli, najua ni wewe. Ukifika hapa umeshahangaika siku mbili. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Tatu," Elieshi alinong'ona. "Siku tatu, mshenzi wewe."

Alibadilisha mstari mmoja. Seva ikauliza wakati mtandaoni, ikaruka saa sita mbele kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Akaagiza moduli. Ikaingia bila neno, na haikuchukua hata dakika mbili.

Angeweza kuondoka hapo, akachukua na lile begi la mwenzake. Lakini hesabu iliyobaki ilikuwa fupi mno kuikwepa. Ongeza saa sita kwenye 01:12. Mgeni wa saa saba usiku hakuwahi kuja saa saba usiku. Alikuja saa moja asubuhi na dakika kumi na mbili, jua likiwa limeshachomoza, chai iko mezani.

"Shemeji," alisema, akavuta kiti karibu na meza ya Zamzam. "Ile kompyuta ya kaka Bakili. Usiku unaifunga, sawa. Asubuhi je?"

Zamzam aliweka kalamu chini. "Asubuhi naifungua. Watoto wakishatoka. Kuna picha yake inatokea mbele, ile ya Mtwara, amevaa kofia ya hovyo. Namtazama nikimaliza chai, halafu naifunga nakuja kazini."

"Saa ngapi?"

"Taarifa ya habari ikiisha. Saa moja na..."

Elieshi alimweleza taratibu: Bakili alikuwa mvivu wa kuandika nywila, akaipanga kompyuta yake ijiunganishe yenyewe na seva kila inapofunguliwa. Akamweleza na habari ya saa sita. Zamzam alisikiliza huku akikunja pembe ya risiti, akiikunjua, akiikunja tena. Nje kipaza sauti kiliita Masasi, Newala, Tandahimba.

"Kwa hiyo usiku wote ule nakesha," alisema mwishowe, "namsubiri mtu, na mtu mwenyewe..."

"Pole, shemeji."

"Siyo yeye aliyekuwa anakuja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kwake." Akaangalia ile orodha kwenye kioo, muda mrefu. "Na kila siku nilifika."

Nurdin aliingia na kanzu yake nyeupe, bado ananukia udi. "Vipi, imekubali?"

"Imekubali, bosi. Hakuna haja ya kufuta."

"Alhamdulillah. Basi liondoe na lile jina, linatutisha wafanyakazi."

Elieshi alifungua mdomo, lakini Zamzam alikuwa ameshasimama.

"Lile jina ni langu, shemeji. Mimi ndiye ninayeingia nalo, na nitaendelea."

Nurdin alimtazama, akamtazama Elieshi, akaamua kwamba ana njaa.

Risiti ya kwanza baada ya hapo ilisomwa na Uledi kwa hasira: "Saa kumi na tatu na dakika ishirini! Saa kumi na tatu ni saa gani, jamani?" Elieshi akaitengeneza printa, ipunguze saa sita kwenye karatasi tu, na kuiacha saa ya seva ilivyo. Ndiyo kazi ambayo Bakili alikuwa ameahidi kuifanya wiki ijayo.

Jumamosi alikuja mapema kuhakikisha mambo, Uledi akamfungulia. Alijiambia amekuja kwa ajili ya moduli. Ilipofika saa moja na dakika kumi alikuwa ameketi mbele ya ile orodha, chai ameisahau. Saa moja na kumi na mbili. Hakuna. Na kumi na tano. Hakuna. Saa mbili Uledi akawasha kipaza sauti. Saa mbili na nusu Elieshi aligundua kwamba anamsubiri mtu kwa namna ileile aliyosimuliwa kwenye ngazi. Labda alikosea kumwambia. Labda sasa kompyuta ile haitafunguliwa tena, na jana alimfuta Bakili zaidi ya vile Nurdin alivyotaka.

Mstari ukatokea saa tatu kasorobo.

bakili, 08:45.

Alijua ni mkono wa nani. Alimwona kabisa: mama aliyelala usiku kucha baada ya miezi saba, akapitiwa, ameketi na khanga begani, chai inafuka, anaitazama kofia ya hovyo. Alijua kila waya na kila ufunguo uliolileta jina lile mpaka kwenye kioo. Hata hivyo alijikuta amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekutwa bwenini na mwalimu wa zamu.

"Shikamoo, kaka Bakili," alisema.

Ofisi ilikuwa tupu. Kutoka chini ya dirisha, juu ya makelele yote ya Kariakoo, mtu aliita Masasi, Newala, Tandahimba, akasema mzigo wa leo unaondoka leo, kisha akakohoa kidogo.