Mjumbe wa Kamati ya Maji

Dafroza aliinama ndani ya shimo alilochimba kwenye mchanga wa mto mkavu, akakwangua maji kwa bakuli, nusu maji nusu tope. Juu kidogo, penye njia ya kwenda Butiama, palikuwa na pampu mpya ya kisima. Ilifungwa mnyororo na kufuli. Ufunguo alikaa nao Mwenyekiti wa kijiji, Alfonce, na kila asubuhi walitangulia kunywa ng'ombe wake.

Msingi wa pampu hiyo waliuchimba wanawake, serikali iliposema maji ya bure yamekwisha, kila kijiji kijitegemee. Mradi wa kisima ulitaka nusu ya kamati ya maji wawe wanawake. Dafroza akachaguliwa. Kazi yake kwenye vikao ilikuwa kuchemsha chai.

Siku wafadhili walipokuja kutoka Musoma, Alfonce alimketisha Dafroza mstari wa mbele, akamwinamia sikioni.

"Mama Magesa, ukiulizwa, shukuru. Basi."

Mama mmoja wa Kizungu akauliza jambo. Pastory, ofisa wa mradi, akatafsiri: "Wanawake mnashiriki vipi?"

Dafroza akasimama.

"Tulichimba sisi. Sasa pampu ina kufuli. Ng'ombe wanakunywaga kwanza, sisi tunachotaga mtoni, watoto wanaharisha. Mjukuu wa Hyasinta huyu hapa tumemzika juzi. Kwenye kamati mimi napikaga chai tu. Mwambie hivyo hivyo."

Pastory akamtazama Alfonce, kisha akasema maneno machache sana ya Kiingereza. Yule mama akatabasamu, akapiga makofi. Wageni wote wakapiga makofi.

"Umemwambia nini?" Dafroza akauliza.

"Ulichosema."

"Nimetaja maiti, yeye anacheka."

"Keti, mama," Alfonce akasema taratibu. "Mume wako ameomba shamba kwangu. Usimharibie."

Nyamhanga, mumewe, aliyeketi kwa wanaume, aliangalia viatu vyake. Dafroza akabaki amesimama mpaka Hyasinta alipomvuta kitenge.

Halafu kufuli likafunguliwa. Pilau ilikuwa tayari, na wageni walitakiwa kunawa. Dafroza, kwa kuwa ni wa kamati, akakabidhiwa jagi. Akapiga magoti mbele ya mmoja baada ya mwingine. Maji meupe yalipita vidoleni mwao, yakamwagika vumbini. Yule mama wa Kizungu akageuza viganja, akamwonyesha kwa ishara amwongezee.