Kompyuta Iliyobaki Bunju

Mume wangu anasoma eksirei za nyota. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Bunju kila mtu anadhani anasoma za mbavu. Mama Talha, jirani yetu, aliwahi kumletea picha ya nyonga yake ndani ya bahasha ya hospitali, na Deogratias, mtu mpole kupita kiasi, akaiinua dirishani na kuitazama vizuri kabla ya kumwambia kwamba hajui kitu. Mimi ningecheka tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna nyota zinazotoa miale ambayo hewa yetu haiipitishi, kwa hiyo darubini ya kuitazama imewekwa juu kabisa, nje ya hewa, na ina wenyewe huko mbali. Unaandika maombi, wanakukatalia. Deogratias walimkatalia miaka tisa. Mwaka wa kumi wakamkubalia: darubini ikaiangalia nyota aliyoitaka kwa saa kumi na nne. Wakamtumia data na kumpa mwaka mmoja wa kukaa nazo peke yake. Mwaka ukiisha zinafunguliwa kwa dunia nzima, anayetaka achukue.

Anafundisha fizikia chuoni, wanafunzi mia nne. Utafiti aliufanya Jumamosi baada ya kufua na Jumapili baada ya misa. Lakini mwaka ulipokaribia kwisha aliniita mezani, akanionyesha mstari ulioshuka kidogo, ukapanda, ukashuka tena.

"Mama Hope, inafifia kila baada ya saa tano na dakika kumi na moja. Hakuna anayejua isipokuwa mie na wewe."

Sikuelewa, na niliona aibu kutoelewa. Ila nilimwona alivyofurahi, nami nikafurahi. Zilibaki wiki tano ahakiki, aandike, atume kwa jina lake.

Ndipo baba yake akafariki, Bukoba.

Deogratias ndiye mwana mkubwa. Kwa desturi ya ukoo wao, mwana akishatajwa kuwa mrithi haondoki nyumbani mpaka matanga yaanuliwe. Anakaa sebuleni kwenye kiti cha baba, anapokea pole. Alipokuwa anafunga begi nilimwona akichomeka kompyuta katikati ya mashati. Mimi ni mtu wa Rombo, nina miaka kumi na tisa kwenye ndoa, na bado shangazi yake, Yuliana, ananiita mgeni. Nikaona jinsi watakavyoninyooshea kidole: kaburi halijakauka, mrithi anabonyeza kompyuta, na mkewe anamtazama. Alipoingia kuoga niliitoa nikaifunika kwa khanga kabatini. Nilijiambia ni siku nne tu.

Zilikuwa siku ishirini na sita. Baba mdogo alichelewa kutoka Kampala, na bila yeye kikao cha ukoo cha kuanua matanga hakikai. Siku tuliyofika Deogratias alifungua begi, akatoa shati mojamoja, akakung'uta hata soksi.

"Nimeiacha," akasema. "Felicitas, nimeisahau. Mie?"

"Ni msiba," nikamwambia. "Msiba unachanganya."

Nilisema hivyo, na sauti haikutetemeka.

Tuliporudi zilibaki siku tisa, na karatasi za mitihani zilikuwa zimejaa hadi chini ya kitanda. Mwaka ukaisha. Wiki sita baadaye makala ikatoka, ya watu kumi na wawili wa nchi tatu. Aliisoma akiwa amesimama. Saa tano na dakika kumi na moja. Mwishoni kabisa walimshukuru Deogratias Kamugisha aliyeomba nyota hiyo iangaliwe.

"Wana adabu," akasema, akaenda kumwagilia mchicha.

Makala niliivumilia. Kilichonishinda ni kumwona akiacha kujiamini. Alianza kurudi mara mbili mlangoni kuhakikisha amefunga. Aliandika kiganjani jina la somo la siku hiyo. Watu wa jumuiya wakimuuliza habari za nyota anajibu, "Nyota zinataka mtu mwenye kichwa. Mie nasahau kompyuta kama mwavuli." Wanacheka wote. Mimi nacheka nao, na Mungu ananiona.

Jumapili iliyopita mdogo wake, Marselino, alituletea picha na video za msiba. Kompyuta ikakataa kuzipokea, imejaa.

"Futa ile folda ya nyota," Deogratias akaniambia kutoka barazani, alikokuwa anachambua maharage. "Picha za mzee zipate nafasi."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikashindwa.

"Baba Hope, hukuisahau. Niliitoa mie kwenye begi. Niliogopa kwenu wangenisema."

Alikuja hadi mlangoni na ungo wake. Nilitamani anifokee, hata mbele ya majirani. Alisimama, maharage yakimtoka ungoni mojamoja.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima," akasema.

"Kizima kabisa! Tuma maombi tena. Tuma leo hii, mume wangu."

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepoteza kitu.

"Walifunga kupokea maombi Ijumaa. Niliiona barua yao, nikasema mtu kama mie ataomba nini. Na darubini yenyewe imeshazeeka, Felicitas. Walisema hii ndiyo awamu ya mwisho."

Akainama kuokota maharage, akarudi barazani. Baadaye akauliza, bila hasira yoyote, kama picha zimeingia. Nikaifuta folda, zikaingia. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha baba yake, mikono mitupu magotini.