Keekee Fupi

"Basi sema mbele ya watu kwamba mimi mwongo!"

"Sijasema mwongo, jirani. Nimesema mwoga."

"Mwoga mimi? Baba, upepo ukija mti wako unalia ndani kama mlango uliooza bawaba. Na mama yangu hawezi kugeuka kitandani, na chumba chake ndicho utakachoangukia!"

Mshonaji alikuwa na futi yake ya kitambaa shingoni, pini mbili mdomoni, na bado maneno yalimtoka yote. Upande wa pili wa ukuta, Dereva mstaafu alikuwa ameuegemea mtiki wake kama mtu anayemlinda mtoto asichapwe.

"Mti huu aliupanda marehemu baba," alisema. "Kivuli chake umekikalia na cherehani yako miaka na miaka. Leo ndiyo umekuwa adui?"

Mimi nilikuwa katikati yao na begi la kazi. Ofisi ya miti ya mji ndiyo iliyonituma, lakini watu hawa ni wangu, nakaa mtaa wa nyuma. Nilipofika nilikuta watu watano. Kufikia salamu ya mwisho walikuwa ishirini, na mimi watu wakijaa ndipo ninapopata pumzi. Mtaani wananiita Daktari wa Miti, jina nililolipokea bila kulikataa hata siku moja.

Kazi yenyewe si kubwa. Tuna keekee, chuma chenye tundu katikati na hesi kwenye ncha. Unakizungusha kwa mikono miwili mpaka kiingie shinani, halafu unachomoa kijiti chembamba kama penseli, ambacho kinakuonyesha mti ulivyo tangu ganda mpaka kiini. Begini nilikuwa nazo mbili. Ile fupi, urefu wa shubiri moja, huingia haraka. Ile ndefu ni ya miti minene, na ina ukaidi wa punda. Kanuni ya kuchagua hata mtoto anaweza kuikariri: zungusha futi kwenye shina, gawa kwa sita, na keekee iwe ndefu kuliko jibu. La sivyo kiini hukigusi, na mtiki ukioza huweza kuanzia kiinini.

Sikupima.

Nieleze kwa nini. Miezi miwili kabla, kwenye uwanja wa zahanati, niliizamisha ile ndefu, kisha nikakaa kupiga soga na wauguzi badala ya kuichomoa upesi. Mti ukaibana. Nikaning'inia kwenye mpini mpaka viatu vikanivuka, na mgonjwa mmoja akasema, "Mwacheni, anajifunza baiskeli." Wakacheka mpaka waliolazwa.

Kwa hiyo mkono ulipoingia begini, ulitoka na ile fupi.

Dakika tano tu. Kijiti kikatoka kigumu, safi, kinanukia. Nikakiinua juu kila mtu akione.

"Mzima! Mti huu utatuzika sote!"

Umati ukalipuka. Dereva akanikumbatia. Shoga yangu mmoja akapaza sauti, "Mshonaji, kalale sasa! Ukisikia kilio tena, kaitie mafuta cherehani!"

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote: nilicheka kwa sauti kuliko wengine, nikimtazama. Mshonaji akatoa pini mdomoni, akazichomeka kifuani moja moja, akaingia ndani.

Ofisini fomu iliniuliza mzingo wa shina. Nikaandika namba ya kichwani, sentimita mia moja na kumi, inayolingana na keekee yangu. Mkubwa akapiga muhuri bila kuinua macho. Kijiti kikabaki mezani, nami nikakigeuza upande wa ndani. Mistari ya miaka inapokaribia kiini hujipinda kama ukucha. Hii ilikuwa imenyooka kama rula. Kiini kilikuwa mbali, na mimi niliishia sebuleni nikasema nimekagua chumba cha kulala.

Asubuhi nilirudi na ile ndefu. Nilichagua saa ambayo watu wako makazini, nimalize kimyakimya. Mshonaji alinikuta nikihangaika kuuzungushia mti futi yangu. Hakunisalimia. Aliishika ncha nyingine, akaizungusha, akasoma mwenyewe, maana namba za futi ndizo kazi yake.

"Mia mbili thelathini na nne."

"Gawa kwa sita," nikasema.

"Thelathini na tisa." Akanitazama. "Ile ya jana?"

"Ishirini."

Alileta kipande cha sabuni nilipokiomba, nikaipaka ncha, nikaanza kuzungusha. Sikupiga soga. Jasho lilinitoka mpaka machoni. Ilipopita nusu ya urefu wake, mpini ukawa mwepesi ghafla, chuma kikazunguka kama kijiko kwenye maji. Nilichomoa kijiti. Nusu kilikuwa mbao. Kilichofuata kilikuwa unga mweusi uliomwagika viganjani, unanuka kabati la nguo mbichi.

Mshonaji alikaa chini pale pale.

Ningeweza kurekebisha fomu tu. Badala yake nilikwenda kugonga, mlango kwa mlango, nikianza na kwa yule shoga yangu. Waliokuwepo walikuja, na Dereva akatoka na kandambili za miguu tofauti.

"Jana uliniambia mzima," akasema.

"Jana sikupima, mzee wangu. Niliogopa keekee ndefu isikwame mkanicheka."

Nilitamani mtu acheke. Hakucheka hata mmoja. Dereva aliuchukua ule unga kiganjani kwangu, akausaga kwa kidole.

"Kwa hiyo ukaacha achekwe yeye, ili usichekwe wewe."

Aliutazama mti wa baba yake, kisha akamgeukia Mshonaji. "Kitanda cha mama kinapita mlangoni?"

"Kikilazwa ubavu."

Tulimbeba mama na godoro lake, kitanda kikafuata, mpaka chumba cha mbele. Dereva alishika kichwani, mimi miguuni. Bi mkubwa akauliza kama ni harusi au ni msiba. Nikaahidi kwamba fomu mpya itafika kwa mkubwa leo hii na wakataji watakuja kesho, kisha nikafunga begi nikielekea mlangoni huku nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Unakwenda wapi?" Mshonaji aliniuliza kutoka jikoni.

"Ofisini. Sina uso wa kukaa hapa, dada."

"Uso nani kakuuliza? Tunakula kwa mdomo." Akatoa sinia, akalitua mkekani, akamtengea Dereva nafasi kwa mguu. "Kanawe mikono hiyo ina unga wa mti, uje ule."