Kitufe cha Pili Kutoka Kushoto

Mtu asikudanganye kwamba televisheni ile ilitundikwa ukutani ili nifiche mtu. Wapi! Ilitundikwa kwa sababu gereji ilikuwa ndogo na mimi nina cherehani mbili, meza ya pasi, na vitambaa navikata sakafuni. Mume wangu Marjan, dereva wa lori, alipoileta nilimwuliza: hii utaiweka wapi, kichwani kwangu? Akasema sebuleni. Mama yake, Bi Halimah, aliyekuwa ameketi hapo hapo sebuleni na tasbihi yake, akasema bila kuinua macho kwamba sanduku la kelele halitakaa anaposwalia yeye, labda atolewe kwanza kwa jeneza. Basi likaja gereji. Nyumbani kwetu kila kitu ambacho mama mkwe hakitaki huishia gereji, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wiki nzima nilikuwa naruka televisheni kama mbuzi anayeruka mfereji. Siku nilipokanyaga gauni la gomesi la mteja kwa kukosa pa kuweka mguu, nilimwambia Marjan: ama itundikwe, ama mimi narudi kwetu Bombo. Ndipo akamleta Otema.

Otema alikuwa Mwacholi wa flati za Bukoto, fundi wa redio na televisheni, mrefu, mwembamba, asiyesema maneno kumi kwa siku. Mkewe Akwero nilikuwa namshonea, tukawa marafiki. Otema alitoboa ukuta hadi nje, akapitisha bolti, akafunga chuma kilichotoka kwenye chasisi ya Land Rover. Televisheni akaibana kwa nati nne alizozificha nyuma, ambazo usipojua ziliko huitoi. Alipomaliza alining'inia kwenye kile chuma kwa mikono miwili, miguu hewani. "Nyumba itaanguka," alisema, "hii haianguki." Sakafu ikarudi kuwa yangu. Siku hiyo nilipika pilau bila sababu.

Chini ya sakafu hiyo kulikuwa na shimo. Aliyejenga nyumba alikuwa Mhindi mwenye magari, akachimba shimo la fundi kusimama chini ya gari, urefu wake kitanda, kina chake hadi kifuani. Wahindi walipofukuzwa nchini, sisi tukapewa nyumba pamoja na shimo lake. Tuliliziba kwa mbao, nikatandika juu yake mkeka wangu wa harusi. Hata mimi nilikuwa nimelisahau.

Ikaja Februari ya mwaka sabini na tisa. Vita vilikuwa kusini, redio ikisema tunashinda, na kila tulivyoshinda ndivyo vita vilivyosogea Kampala. Mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu. Askari wakaanza kuwakusanya Waacholi na Walango, na Otema walimtaka hasa, kwa kuwa alizoea kupanda mapaa ya watu kufunga antena. Walisema anamtumia adui habari. Akwero alikuwa ameenda kwao Kitgum kuzika, na kabla hajaondoka aliniambia, "Safinah, mwangalie mtu wangu. Yule akishika waya anasahau dunia." Marjan naye alikuwa amekwama Arua na lori lake. Otema aliingia gereji mchana, viatu mkononi, akasema neno moja: "Wanakuja."

Nilikasirika. Sitasema uongo, nilikasirika sana. Watu walikuwa wakituambia sisi Wanubi kwamba serikali ni yetu, lakini ukikutwa na Mwacholi chini ya sakafu, utazikwa naye na hakuna atakayeuliza wewe ni Mnubi au nani. Nilimtukana Otema, nikamtukana Akwero huko aliko matangani, na huku natukana mikono yangu ilikuwa inafunua mkeka.

Kesho yake jioni akaja Kapteni Kamis. Alikuwa binamu wa Marjan wa mbali, ule umbali unaofupika chakula kikiiva. Alisikia kwamba televisheni yangu inaonyesha vizuri kuliko ya mesi yao. Akavuta kiti, akapima huku, akapima kule, akakituliza penye picha safi: juu ya mkeka, juu ya mbao, juu ya kichwa cha Otema.

"Shemeji," alisema, "hapa ndio pazuri. Hii kiti isitoke tena."

Na haikutoka. Kila jioni Kamis na askari wake wawili waliingia, wakanywa chai yangu, wakatazama habari za ushindi. Majivu ya sigara yake yalipenya mianya ya mkeka na mbao na kumwangukia Otema shingoni. Bi Halimah, aliyeapa kwamba ya gereji hayamhusu, alianza kupika ugali wa posho wa watu watatu. Hakuniuliza kitu. Aliniambia tu kwamba mtu wa chini asipewe maharage.

"Ule Otema tutamupata," Kamis alisema siku moja, miguu ameinyoosha. "Hawezi kuwa mbali."

"Hawezi kuwa mbali, shemeji," nilisema, nikamwongeza sukari.

Wiki ya sita picha ikaanza kuteleza. Mtangazaji akawa anapanda, anapotelea juu, kichwa chake kinatokea chini ya tai yake. Kamis alisimama akaipiga televisheni kofi la ubavuni. Ikatulia kidogo, ikateleza tena. Akapiga tena.

"Wahindi tulifukuza," alilalamika, "Waacholi wamekimbia. Sasa nani atatengeneza? Nchi gani hii haina fundi!"

Niliangalia mkeka. Nikamwambia ni nchi ngumu kweli.

Siku tatu ilipigwa makofi. Siku ya nne nilienda sokoni Nakivubo kutafuta uzi, na niliporudi, banange, nilimkuta Otema amesimama katikati ya gereji mchana kweupe, bisibisi mdomoni, mkono nyuma ya televisheni.

"Una wazimu?" nilimwambia. "Mlango una komeo la mti!"

Hakugeuka hata. "Yale makofi," alisema, "siwezi kuyasikia tena. Wanapiga mahali pasipo na kosa."

"Otema, watakuua!"

"Kitufe tu, Safinah. Cha pili kutoka kushoto, nusu mzunguko. Siku tatu wanaipiga mashine ya watu kwa ajili ya nusu mzunguko." Na machozi yalimlengalenga, wallahi, yule ambaye hakulia siku alipowekwa shimoni. Nilimwita mjinga. Nilimwambia hakuna mjinga kama mtu anayejitoa roho ili wanaomtafuta waone vizuri. Alirudi chini ametulia kama aliyekula akashiba, na mimi nilibaki kuuma meno.

Jioni Kamis akawasha. Mtangazaji akakaa wima, hata madoa ya tai yake ukayahesabu. Kamis aligeuka polepole.

"Nani ametengeneza?"

Chini ya kiti chake nilisikia pumzi ikikatika, au labda ilikuwa yangu.

"Mimi," nilisema.

"Wewe? Wewe wa cherehani?"

"Kwani cherehani haina skrubu? Kitufe cha pili kutoka kushoto, nusu mzunguko. Nyinyi mlikuwa mnapiga mahali pasipo na kosa."

Kamis alicheka mpaka akakohoa. Akawaambia maofisa wenzake, askari wakauambia mtaa, na kabla ya Ijumaa Bukoto yote ilijua kwamba mke wa Marjan ni fundi wa televisheni. Wakaanza kuniletea zao. Sakafu niliyoipigania ikajaa televisheni sita, na kila moja niliitengeneza nikiwa nimelala kifudifudi, sikio kwenye mwanya wa mbao, Otema akinielekeza kutoka chini. Waya mwekundu? Usiguse mwekundu. Nati hii? Ya chini kwanza, ya juu baadaye. Nilijifunza, maana aliyesema "mimi" mbele ya Kamis hawezi kusema "sijui" kesho yake.

Aprili ikafika. Mabomu yalikuwa yakisikika toka upande wa Mpigi. Televisheni ilisema adui amerudishwa nyuma, na wakati inasema hivyo vioo vya dirisha vilikuwa vinacheza. Maofisa wengine walikuja kuchukua zao, hata zisizopona. Asubuhi moja Kamis aliingia na wale askari wawili, begani hana cheo hata kimoja.

"Shemeji, tunaenda Arua. Televisheni inaenda pia."

Askari wakaishika wakavuta. Wakaning'inia. Ukuta ulilia, chuma hakikusogea. Otema alisema kweli.

"Tafuta mtaimbo," Kamis alisema.

"Hakuna, afande."

"Basi tafuta mbao ngumu, tukongolee!"

Askari mmoja akapiga buti sakafuni, dum, dum. "Afande, chini ya hii mkeka kuna mbao mingi." Akainama, akashika ukingo.

Nilipiga yowe ambalo hata mimi sikulijua. "Toa mkono! Mkeka wangu wa harusi, unaushika na grisi hiyo? Mama yako hakukufunza?" Akauachia kwa mshtuko. Sikungoja azindukane. Nilichukua spana kwenye droo ya cherehani, nikapanda kiti cha Kamis, kile kile kilicho juu ya shimo, nikafungua zile nati nne, za chini kwanza, za juu baadaye.

"Pokeeni," nilisema, na wakapokea.

Kamis alinitazama kwa heshima ya kweli. "Shemeji, tungekuwa na watu kumi kama wewe, hatungekimbia."

Nilimtakia safari njema. Mpanda ngazi hushuka, na yeye alishuka amekumbatia televisheni yangu kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot.

Otema alitoka shimoni ndevu zikiwa zimefika kifuani, macho yanakataa jua. Mtaani walikuwa wanapiga vigelegele, jeshi la kutoka kusini limeingia. Akaenda kuoga, na mimi niliposikia maji yakimwagika bafuni nililia. Wiki tisa sikuwa nimelia, nikaja kulia kwa sababu mtu anaoga. Bi Halimah alimpikia maharage.

Siku ya tatu Otema alirudi kutoka barabarani uso umebadilika.

"Safinah, Bi Halimah, ingieni."

"Tuingie wapi?"

Alionyesha mkeka. "Wanatafuta Wanubi. Nyumba kwa nyumba."

"Mimi? Mimi niliyekuficha?"

"Wao hawajui," alisema, "na nikianza kuwaeleza hawatangoja nimalize."

Nilikasirika mara ya pili, zaidi ya ile ya kwanza, maana ilikuwa nyumba yangu na mkeka wangu. Bi Halimah hakubishana. Alishuka kwanza, tasbihi shingoni, akauliza tu kibla cha humo ndani kiko upande gani.

Wakaja. Aliyewaongoza alikuwa Luteni Ochan wa jeshi lile jipya, kijana wa kwao Otema, wanajuana. Nilisikia kila neno. Sasa nilijua jinsi gereji ile inavyosikika ukiwa chini.

"Hii nyumba ya nani?"

"Yangu," Otema alisema.

"Wanubi wake?"

"Walikimbia."

"Kuna mmoja tunamtaka hasa," Ochan alisema. "Mwanamke. Fundi wa televisheni wa Kapteni Kamis. Mtaa mzima wanamtaja. Mwanamke anajua antena, anatengenezea maofisa, huyo alikuwa anatuma habari. Akipatikana hatumpeleki kortini."

Bi Halimah aliacha kuvuta tasbihi. Juu yetu Otema, yule wa maneno machache, alijibu papo hapo.

"Aliondoka na Kamis," alisema. "Niliwaona kwa macho yangu."

Nadhani ingeishia hapo, wangeenda zao, kama si chuma. Ochan alikiona ukutani, akakivuta, akaning'inia. "Hii chuma iko mzuri sana," alisema. "Mimi nina televisheni ndani ya gari, sina pa kuiweka." Kabla ya jua kuzama ilikuwa imefungwa. Kiti kikaburuzwa huku, kikaburuzwa kule, kikatulia juu ya kichwa changu.

"Hapa ndio pazuri," alisema Ochan.

Akawa anakuja kila jioni. Televisheni ilisema amani imerudi nchi nzima, na majivu ya sigara yakaniangukia shingoni. Jioni ya nne Otema alikuwa ameenda kututafutia unga. Nikasikia Ochan akisonya. Nikasikia kofi ubavuni mwa televisheni. Halafu kofi lingine.

"Picha inateleza," alisema kwa hasira. "Nchi gani hii haina fundi!"

Kofi. Kofi. Bi Halimah alinishika kifundo cha mkono gizani, akakibana kwa nguvu zake zote, kwa kuwa ananijua. Cha pili kutoka kushoto, wewe mpumbavu, nilisema moyoni, nusu mzunguko tu, unapiga mahali pasipo na kosa. Na mkono wangu mwingine ulikuwa umekwisha kuzigusa mbao.