Baragumu la Diwani Hezroni

Mjomba Hezroni alijenga nyumba mjini Same wakati mji ulipokuwa stesheni na maduka machache tu. Baada ya Uhuru akawa diwani. Mwaka 1974 aliagizwa awateremshe watu wa kwetu mlimani, wakaishi kijiji cha ujamaa huko bondeni. Walikataa. Basi akapuliza baragumu la msaragambo, linaloita watu kwenye kazi ya pamoja. Wakaja na majembe wakidhani wanakwenda kuzibua mfereji, wakakuta malori na mgambo. Huku nyuma nyumba zao zikaezuliwa.

Mwaka uliofuata mkewe, Dorkas, akafariki. Mjomba akaja kijijini kupuliza baragumu, watu wakachimbe kaburi. Hakutoka mtu.

Akamfuata mama yangu, dada yake, mlangoni.

“Hamkusikia?”

“Tumesikia, diwani. Tunaogopa malori.”

“Dorkas ana kosa gani?”

“Hana. Wifi yangu nitamlilia. Kuchimba, waite mgambo wako.”

Kaburi lilichimbwa na vibarua wa mkonge kutoka Kigoma. Mmoja akauliza kama marehemu hakuwa na ndugu. Mjomba akavua koti, akashuka shimoni, akaomba sepetu.