Mtutu wa Mzee Ildefonce

Mimi ukinigusia baba yangu, sina breki. Kwa hiyo kaka yangu Fredy aliposimama sebuleni kwetu Kibosho na kusema, "Mzee macho yamekwisha, Ijumaa tuirudishe bunduki polisi," nilimwambia akome.

Lakini baba mwenyewe alikuwa amekubali. Miaka thelathini amelinda shamba letu la mahindi kule Kahe, leseni mkononi, na nguruwe pori walikuwa wanamjua. Mwaka huu aliwakosa mara tano, tena kwa hatua hamsini tu! Akaacha kushuka Kahe. Akawa anashinda barazani kimya, yeye ambaye utani haumwishi. Iliniuma sana.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikamwambia Fredy.

Jumatano tukashuka Moshi sote watatu, hadi Njoro kwa Kornel, fundi wa bunduki. Kornel akamwamkia baba shikamoo, kisha akatupeleka uwanja wa shabaha nje ya mji. Baba akapiga risasi tatu kwenye karatasi. Moja ikaenda juu, moja chini, na ya tatu hatujui ilikokwenda mpaka leo.

"Mnaona?" Fredy akasema.

"Hebu nyamaza wewe!"

Kornel alikuwa ameinamia karatasi. Matundu yale mawili hayakuwa duara, yalikuwa marefu. "Risasi zimeingia ubavu," akasema. "Macho mabovu yanakosa shabaha, lakini hayalazi risasi ubavu."

Akampa baba bunduki yake mwenyewe, ya aina ile ile. Baba akavuta pumzi, akapiga tatu. Kikombe cha chai kingezifunika zote! Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, na Fredy, haki ya Mungu, alimkumbatia mzee.

Kornel akachukua risasi nyingine, akaichomeka kichwa chini kwenye mdomo wa mtutu wa baba. Ikazama yote mpaka kwenye ganda.

"Ilitakiwa igome mapema," akasema. "Tundu la mtutu likiwa saizi yake, mifereji ya ndani inaibana risasi na kuizungusha, ndiyo maana inakwenda imenyooka. Hili limepanuka. Risasi inacheza humo ndani, nguvu ya baruti inavujia pembeni, ikitoka inapinduka-pinduka hewani. Mnaisafishaje?"

Fredy akamweleza. Kwetu kila Desemba ukoo mzima ukisharudi nyumbani, kabla ya kuchinja mbuzi, bunduki husafishwa mbele ya watu, na kitambaa kilichopita ndani ya mtutu hupitishwa mkono kwa mkono. Kikiwa na doa, nyumba ya mwenye bunduki itasemwa mpaka Pasaka.

"Mnatumia nini?"

"Mafuta na kitambaa tu."

"Mara moja kwa mwaka, mafuta na kitambaa? Hiyo haili chuma."

Ndugu zangu wakisharudi Dar baada ya sikukuu, mimi ndiye ninayebaki na wazee. Na mimi, ili asitokee mtu wa kuicheka nyumba ya baba, kila Jumamosi nimekuwa nikizungushia nondo stilwaya ya kusugulia masufuria, nachovya kwenye majivu, nasugua mtutu ule mpaka jasho linanitoka. Miaka kumi na miwili. Tena najisifu.

"Ni mimi, baba," nikasema. Nikaeleza yote, stilwaya na majivu, huku machozi yananitoka.

Fredy akafungua mdomo, nikamwambia akome.

Baba akanigeukia. "Flavia," akasema, "miezi minne sasa, ninyi mkienda kanisani, mimi nafumba macho natembea kihambani, nyuma ya nyumba. Nahesabu hatua mpaka zizini, napapasa migomba. Nilikuwa najizoeza upofu, mwanangu, nisije nikawasumbua."

"Nisamehe, baba."

"Na muda wote huo ulikuwa unasugua?"

"Ndiyo."

"Hata Jumamosi iliyopita?"

"Hata hiyo, baba. Kwa nguvu kabisa."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, akanivuta mkono nikae naye.