Mkono wa Baba Juu ya Shuka

Majira ya baridi huko Rautavaara, kaskazini ya mbali, mchana hauji kamili. Huingia buluu tu, ikatua juu ya theluji kidogo, kisha ikaondoka. Henning Lahti alishuka kwenye ukumbi wa pampu za mgodi akiwa bado na buluu hiyo machoni, na mtu aliyemkuta kando ya pampu ya chini alimwona kama wa ndotoni. Alikuwa Torsten, kaka yake.

Tangu mazishi ya baba yao hawakuwa wamesemezana. Siku mzee anakata roho, Torsten alipiga simu weee, naye Henning alikuwa humu humu, katikati ya ngurumo, asisikie kitu. Leo mwenzake Henning wa kazi aliugua, na mkuu wa zamu akamleta Torsten badala yake.

"Imechoka," Torsten alisema, akiitazama pampu badala ya ndugu yake.

"Imechoka. Tangi linafurika."

Tope la mawe ya chuma lilikuwa limeila kwa ndani. Nafasi kati ya gurudumu lake na ukuta wa mbele ilikuwa imepanuka, tope likawa linazunguka humo badala ya kupanda. Ilibidi gurudumu lisogezwe mbele. Walizima umeme, kila mmoja akatia kufuli lake, wakafunga vali, wakatoa mikanda. Henning alilegeza bolti, akapiga magoti na kushika nati ya kusogezea. Torsten akawa anaizungusha shafti kwa mkono, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

"Inagusa?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado, bwana! Una treni ya kuwahi?"

Henning nusura acheke. Mvuke ulielea juu yao, taa zikaonekana mbali kama nyota za chini ya maji. Ndipo ukaja mkwaruzo mwembamba wa gurudumu kwenye ukuta, kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta.

"Inagusa," Torsten alisema. Mkono wake ukaganda.

Henning aliinua macho, akaona machozi.

"Kaka? Umeumia?"

"Alikuwa anafanya hivi. Mzee. Mkono juu ya shuka, anazungusha, anazungusha. Akasema, 'Inagusa, Henning. Rudisha kidogo.'" "Mimi ndiye niliyekesha naye, na alidhani ni wewe, mko pampuni kama zamani. Nikakuchukia, mdogo wangu. Ile simu ilikuwa kisingizio tu."

Henning alikaa na spana mkononi, asijue aiweke wapi.

"Ulimjibu?"

"Nilisema, 'Nimerudisha, baba.' Kwa sauti yako. Akatulia, akalala. Hakuamka tena."

Kisha Henning akairudisha nati, kidogo mno, na Torsten akazungusha. Mnong'ono ukakatika. Shafti ikateleza laini, bila neno. Wakakaza bolti, wakazungusha tena kuhakikisha, wakarudisha mikanda, wakafungua vali, wakatoa makufuli.

Pampu ilipowaka, sakafu ilitetemeka chini ya buti zao, na tope likapanda kwenye bomba kwa mshindo mzito. Walisimama wakilisikiliza kama watu waliosahau njia ya kwenda nyumbani.

"Asante kwa kumjibu," Henning alisema.

"Hebu toka hapa."

Juu, kwenye chumba cha mapumziko, Torsten alikata jibini, akatumbukiza vipande kwenye vikombe viwili vya kahawa, kama ilivyo desturi ya huko, na kumsogezea Henning kimoja.

"Hiyo sauti yangu uliigaje?"

"Ya puani. Kama una mafua."

Henning akacheka mpaka kahawa ikamwagika, na Torsten, akifuta meza kwa mkono wa koti, akacheka naye.